Piki Nene ya Mama Soli

Siku ya kwanza Bei Moja kufanya biashara na Mama Soli alipigwa bao, na ndiyo siku aliyoanza kumheshimu.

Jina la Bei Moja alipewa na wateja kwa kejeli. Katika duka lake la vitu vilivyotumika, feni ilikuwa na bei ya asubuhi, bei ya jioni, bei ya mteja aliyevaa saa na bei ya mteja aliyekuja na mkewe. Alianza maisha kwa kutembeza kamba za viatu begani. Akapanda hadi redio mbovu, na kutoka redio mbovu akafika kwenye duka lenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Safari yote hiyo hakuna aliyemshika mkono. Kwa hiyo alipompelekea viatu vyake vyeusi yule fundi mwanamke aliyekaa chini ya ngazi za jengo la mkabala, hakwenda kulipa alichoambiwa. Alikwenda kubishana.

"Nusu," alisema.

"Nusu ya nini, kaka?"

"Ya hiyo bei yako. Mimi nataka soli, sikuja kununua jengo."

Fundi alivitazama viatu, akamtazama mwenye viatu, akasema sawa, njoo kesho saa kumi. Bei Moja alirudi dukani akipiga mluzi. Kesho yake akakabidhiwa mfuko. Kiatu cha kulia kilikuwa na soli mpya, kimeshonwa kwa uzi wa nta na kung'arishwa hadi unaona meno yako. Cha kushoto kilikuwa vilevile kilivyokwenda, mdomo wazi.

"Hiki vipi?"

"Nusu bei, nusu kazi. Au ulitaka nikuwekee nusu soli huku na nusu soli kule? Si ungechechemea miguu yote miwili?"

Wateja waliokuwa wanasubiri walicheka hadi mmoja akakaa chini kwenye ngazi. Bei Moja alitoa ile nusu nyingine. Jioni alimwambia mkewe kwamba mtaani kuna mtu anayejua biashara.

"Ni nani huyo," mkewe akauliza, "nikampe pole au nikampe zawadi? Miaka kumi na tisa mimi naishi na mkono wa birika, sijawahi kuufanya utoe mara mbili."

Mama Soli hakuwa na mtoto aitwaye Soli, wala wa jina lingine. Alikuwa amelea watoto wawili wa marehemu dada yake, nao walishakwenda kujitegemea. Jina alilipata kiwandani, kwenye kiwanda cha mabuti, alikoshona kwa miaka ishirini na mmoja. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waligombania viti na makabati ya ofisi. Yeye akaomba ile cherehani yake yenye gurudumu lililopinda, kwa sababu alijua hakuna mwingine atakayeitaka. Akaiweka chini ya ngazi, akaizungushia ubao, akatundika misumari ya kuning'inizia zana, na kazi ikaanza wiki hiyohiyo.

Mandolini, chombo chake cha muziki, nayo aliipata kwa mapatano. Mwalimu wa muziki wa shule ya jirani alikuwa nayo, tumbo lake kama nusu ya boga, nyuzi nane zimekaa mbili mbili, na hakuwa na mwanafunzi hata mmoja anayeitaka. Mama Soli alimshonea viatu bure miaka mitatu. Mwalimu akamfundisha kila Jumatano na mwisho akamwachia chombo. Bei Moja alipoisikia hadithi hiyo alipiga hesabu kichwani, akasema mwalimu aliingizwa mjini.

"Hukuiona miguu yake," Mama Soli akajibu. "Alikuwa anakanyaga kama anapasua kuni."

Kwa miaka tisa alikuwa amepiga mandolini katika kikundi cha watu watano kilichokodiwa kwenye sherehe za mtaani. Mkuu wa kikundi alikuwa fundi bomba mpiga gitaa, na kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu wakamwita Kapteni. Siku za kazi Mama Soli alikuwa kichwa kilichoinama juu ya kiatu cha mtu. Jumamosi, kwa saa mbili, watu waliutazama uso wake badala ya kuitazama miguu yao. Mwenyewe alisema hivyo, wala hakusema kwa huzuni.

Basi Jumatatu moja, baada ya chakula cha mchana, Mama Soli aliingia dukani kwa Bei Moja na mandolini imefungwa kwenye shuka.

"Nauza," alisema.

Bei Moja hakupepesa macho, ingawa moyo uliruka. Wiki mbili nzima daktari wa meno wa ghorofa ya pili alikuwa anamsumbua amtafutie chombo cha zamani chenye nyuzi, akitundike kwenye chumba cha kusubiria, wagonjwa wapate kitu cha kutazama zaidi ya mlango. Mandolini hii ingemtoa mate. Bei Moja akaigeuza, akaigonga tumbo, akakunja uso kama mtu aliyenusa maziwa yaliyolala.

"Vitu hivi siku hizi havina mnunuzi, dada," akasema. Kisha akataja bei ya kutupa, bei ya kuanzia ugomvi, bei ambayo mtu mwenye akili timamu angeitikia kwa tusi.

"Sawa," akasema Mama Soli.

Bei Moja akamtazama. "Sawa nini?"

"Sawa, chukua."

Hapo furaha ikamtoka. Mwanamke aliyemshonea kiatu kimoja mbele ya halaiki anakubali bei ya kwanza? Kwa uzoefu wake, mtu asiyebishana bei ama kitu ni cha wizi, ama mwenyewe ni mgonjwa. Mandolini haikuwa ya wizi.

"Kaa," akamwambia, akimsogezea kiti chenye bei yake bado imebandikwa. "Una nini?"

Mama Soli alinyoosha mkono wa kulia. Shina la kidole gumba lilikuwa limevimba. Miaka yote ile ya kuvuta uzi kwenye ngozi ilikuwa imekaa hapo. "Piki inanitoka," alisema. Piki ni kile kidude kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi. "Jumamosi iliyopita ilinitoka katikati ya wimbo, ikaingia ndani ya tundu la mandolini. Nikaanza kuitikisa mbele za watu ili itoke, na ndani inalia kacha kacha kacha. Mtoto mmoja akadhani ni sehemu ya wimbo, akapiga makofi."

Bei Moja alitaka kucheka, akajizuia.

"Kapteni ameniambia: Jumamosi hii tunampigia mwalimu mkuu anayestaafu, na ikianguka tena, nafasi yangu anapewa shemeji yake. Basi afadhali niondoke kwa miguu yangu kabla sijafukuzwa."

"Hebu piga nisikie," akasema Bei Moja. "Siwezi kununua kitu sijakisikia."

Mama Soli akatoa piki mfukoni, akapiga. Vidole vya kushoto vilikuwa vinajua kazi. Mkono wa kulia ulikuwa unahangaika. Sauti ilitoka nyembamba, kama mvua juu ya mfuko wa nailoni, na kila baada ya mapigo machache ile piki ilijigeuza upande, Mama Soli akaibana, ikajigeuza tena.

Katika miaka yake ya kununua magitaa mabovu na kuyauza mazima, Bei Moja alikuwa amejaribu vyombo mia kadhaa. Hakuweza kupiga wimbo hata mmoja hadi mwisho, lakini alijua sauti inayouza na sauti isiyouza, na alijua kinachoileta. Akaichukua ile piki, akaishika kwenye mwanga. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Nani alikushauri utumie hii?"

"Mimi mwenyewe. Kidole kilipoanza kuuma nikachukua nyembamba. Kikazidi, nikachukua nyembamba zaidi. Mguu ukiuma si unaupa kitu laini? Wateja wangu wote wenye miguu mibovu nawawekea soli laini, wananishukuru."

Bei Moja akachukua kitambaa. Jibu alikuwa nalo mdomoni, na jibu hilo lilikuwa na gharama. Akilitoa, mandolini inarudi kwenye shuka na ukuta wa daktari unabaki mtupu. Akilimeza, faida ya mwezi mzima imeingia kwa kazi ya dakika kumi. Alisimama akipangusa feni iliyokuwa safi tayari. Mwishowe akaona kwamba hata jibu ni bidhaa, na yeye bidhaa hatoi bure.

"Mama Soli, nikikuuzia dawa ya hilo tatizo, utanipa nini?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo macho ya fundi yalipata uhai. "Inategemea dawa."

"Viatu vya nyumba yangu vyote, mwaka mzima, bure."

"Nyumba yako ina miguu mingapi?"

"Mimi, mke, na wasichana watatu. Kumi."

"Hao wasichana wako nawaona wanavyoruka kamba hapo nje. Hiyo si miguu kumi, hiyo ni ishirini. Na dawa isipofanya kazi?"

"Jumamosi piki ikianguka, nachukua mandolini kwa bei niliyoitaja."

"Ambayo ni wizi."

"Ambayo uliikubali."

Wakapeana mikono, Mama Soli akitoa wa kushoto kwa sababu ya kidole. Bei Moja akavuta kiti.

"Haya niambie. Ngozi ya buti unaitoboa kwa sindano gani?"

"Nene."

"Kwa nini si nyembamba?"

"Itapinda."

"Ikipinda?"

"Inanigeukia mkononi, naishika kwa nguvu zaidi, mwisho wa siku mkono wote unaniu..." Akaitazama ile piki yake ya ganda la kitunguu kama anayetazama mtu aliyemkuta jikoni kwake. "Mungu wangu. Miezi saba!"

"Nyembamba inapinda kwenye uzi, inajigeuza, nawe unaibana. Ukibana unaumia, ukiumia unanunua nyembamba zaidi. Nene haipindi. Unaishika kilegevu, kama funguo."

Akateremsha kopo la biskuti alimokuwa anatupia piki zote alizowahi kuzikuta kwenye mikoba ya magitaa, akazimwaga mezani. Wakajaribu moja moja. Ya chuma ilipiga kelele kama kisu kwenye sahani. Ya sufi nene ilitoa sauti ya mtu anayeongea na mto mdomoni. Ya pembe tatu, pana, ya plastiki nene, ilikaa vizuri mkononi na sauti ikanona ghafla, hadi mpita njia akachungulia mlangoni. Lakini iligonga nyuzi tak tak kama viatu vya mchuchumio kwenye vigae, na vidole vilipotoa jasho ikaanza kuteleza.

"Umbo ni hili," Mama Soli akasema polepole, akiizungusha. "Unene ni huu. Kilichokosewa ni ngozi yake na ukingo wake." Akaitia mfukoni pamoja na neno "nitakurudishia", akaondoka na mandolini kwapani. Alikuwa anatembea haraka kuliko alivyokuja.

Tangu Jumanne Bei Moja alikuwa anavuka barabara kila saa kwenda kukagua, kwa maneno yake mwenyewe, mali yake. Alimkuta Mama Soli ameshusha kutoka msumarini kijiko cha kuvalia viatu, cha pembe ya ng'ombe, rangi ya chai ya maziwa, kilichovunjika ncha tangu enzi za kiwanda. Alikuwa amekibana, anakikata kwa msumeno mwembamba.

"Hicho kijiko ningekuuzia wewe mwenyewe," Bei Moja akasema.

"Nenda kauze feni."

Piki ya kwanza ilitoka na ncha kali, ikanasa kwenye nyuzi. Ya pili akaisugua msasa mno, ikarudi kuwa nyembamba, akaitupa kwa hasira kwenye debe la mabaki. Ya tatu aliikata Alhamisi, pembe tatu, unene wa sarafu, kona zote zimeviringwa. Kisha akafanya kitu ambacho Bei Moja hakukitegemea. Akachukua tupa anayotumia kumalizia ukingo wa soli, akakata ukingo wa piki kwa mshazari, upande unaouingia uzi, ili isiugonge bali iupande na kuteremka. Akaipaka nta, akaisugua kwa kitambaa hadi ikapata joto. Mwisho akachora mistari kwa sindano pande zote mbili, ikikatana katikati, pale kidole gumba kinapokaa.

"Mapambo?" Bei Moja akauliza.

"Soli isiyoteleza," akajibu.

Akapiga. Ile tak tak haikuwepo. Bei Moja alisikia sauti nene, ya duara, akajua kwamba kama kesho ingekuwa Jumamosi, asingepata kitu cha kumtundikia daktari.

Lakini mazoea ya miezi saba hayaishi kwa siku mbili. Ijumaa alimwona kwa mbali, anapiga, anasimama, anakung'uta mkono. Alikuwa bado anabana.

Jumamosi saa tisa mchana Bei Moja alikaa safu ya pili katika ukumbi wa shule, na mkewe pembeni. Kulia kwake alikaa mwanaume mnene amepakata mkoba wenye umbo la boga.

"Unapiga?" Bei Moja akamuuliza.

"Napiga. Mimi ni shemeji wa Kapteni. Nasubiri kidude kianguke."

"Tuko wengi," akasema Bei Moja.

Mkewe akamfinya. "Baba wasichana, wewe uko upande gani hasa?"

"Upande wa makubaliano."

Nyimbo nne zilikwenda salama. Wa tano ulikuwa ule wa polepole, wenye sehemu ndefu ambapo mandolini inabaki peke yake na mkono unatetemesha uzi mmoja mfululizo, mbele nyuma, mbele nyuma, hadi sauti inakuwa kama kitu kimoja kinachomiminika. Hapo ndipo ilipomtoka safari iliyopita. Kapteni alishusha gitaa lake, akamkodolea macho. Shemeji akafungua kifungo kimoja cha mkoba.

Mama Soli akaanza. Katikati ya sehemu ile Bei Moja aliona piki inayumba, inasogea kidogo kati ya vidole. Aliona pia bega la fundi likipanda, mkono ukijiandaa kubana, kama ulivyobana miezi saba. Halafu bega likashuka. Mama Soli akatoa pumzi, akavilegeza vidole badala ya kuvikaza. Ile mistari ya sindano ikashika, piki ikajirudisha mahali pake, na sauti ikaendelea kumiminika hadi gitaa likaingia.

Shemeji akafunga kifungo chake. Bei Moja aligundua kwamba alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti, akakilaumu kiti.

"Umeshapoteza mandolini," mkewe akamnong'oneza.

"Nimepata viatu," akajibu, na akapiga makofi kuliko safu nzima.

Jumatatu asubuhi alivuka barabara na mfuko wenye pea mbili, ya mtoto wa kwanza na ya mkewe.

"Nimekuja kuanza mwaka wangu."

"Mwaka gani?" Mama Soli hakuinua kichwa. "Uliniuzia dawa. Dawa yako ilikuwa plastiki ya kopo, nayo iliteleza. Hii ya pembe nimeitengeneza mimi, kwa kijiko changu na tupa yangu."

"Wazo la unene ni la nani?"

"La kwako. Na ukingo?"

"Wa kwako," Bei Moja akakiri.

"Na mistari?"

"Usinizungushe, Mama Soli. Bila mimi hadi leo ungekuwa unapigia ganda la kitunguu."

"Na bila mimi, plastiki yako ingekuwa ndani ya tundu, inalia kacha kacha." Hapo akainua kichwa, na alikuwa anatabasamu. "Basi tugawane. Nusu dawa, nusu malipo."

Bei Moja alijua linakokwenda kabla halijafika, lakini hakuwa na pa kukimbilia. Kila pea itakayotoka nyumbani kwake mwaka huo, kiatu kimoja kitashonwa bure na kimoja kwa bei kamili. Wateja kwenye ngazi walikuwa wameshaanza kucheka.

Lakini hakuondoka mikono mitupu. Shemeji wa Kapteni, aliyechoka kusubiri, aliomba piki kama ile. Siku hiyohiyo akaomba Kapteni mwenyewe. Bei Moja akakumbuka kwamba ndani ya duka lake kuna sanduku zima la vitana na vijiko vya pembe vilivyovunjika ambavyo hakuna aliyevigusa tangu avinunue kwa mkupuo. Yeye akatoa pembe, Mama Soli akatoa mkono, piki zikakaa kwenye kopo la biskuti kando ya mlango, na faida ya kila moja waligawana sawa kwa sawa. Daktari wa meno aliuziwa akodioni isiyotoa sauti. Alifurahi kupita kiasi, akasema ina safu nzuri ya meno.

Kidole cha Mama Soli hakikupona, na hakuna aliyemdanganya kwamba kitapona. Alipunguza mabuti, akabaki na viatu vyepesi, na kazi ya pembe ikajaza pengo, maana haivuti uzi. Nafasi yake ya Jumamosi hakuna aliyeigusa tena.

Bei Moja alipoteza faida ya mandolini moja na akapata kiatu cha bure katika kila pea. Mara moja alijaribu kupeleka kiatu cha kushoto peke yake, kimetoboka kidoleni, akidai hiki ndicho cha zamu ya bure. Mama Soli alikipokea, akakigeuza, akakikagua soli kwa makini, akamrudishia.

"Zamu ya bure wiki hii," akasema, "ni ya kulia."